Viza Imefutwa, Fomu Imebaki

Tarehe 12 Desemba 2023, katika maadhimisho ya Siku ya Jamhuri, Rais William Ruto wa Kenya alitangaza kwamba kuanzia mwezi uliofuata hakuna mgeni kutoka pembe yoyote ya dunia atakayebebeshwa tena mzigo wa kuomba viza ya kuingia Kenya. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, akiwa Brazzaville, alikuwa amewaahidi Waafrika jambo kama hilo. Wengi tulifurahi, na furaha ile ilikuwa na sababu. Ni aibu ya miaka mingi kwamba Mwafrika anayetaka kwenda nchi ya jirani kwa siku tatu husumbuliwa kuliko Mzungu aliyekuja kutazama tembo.

Januari ilipofika, viza ilikuwa imeondoka kweli. Mfumo wa viza ya mtandaoni uliokuwa ukitumika tangu 2015 ulifungwa, na mahali pake ikawekwa idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ambayo sasa kila mtu anaiita eTA. Msafiri alitakiwa aingie mtandaoni kabla ya safari, ajaze taarifa zake, apakie picha ya pasi na picha ya uso wake, aonyeshe atakapolala na ndege atakayokuja nayo, alipe dola 30 za Marekani, kisha asubiri jibu ambalo lingeweza kuchukua hadi saa 72. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawakuguswa. Wengine karibu wote walitakiwa kujaza fomu.

Sasa tuwaangalie wasafiri wawili wanaotua Nairobi asubuhi moja. Mmoja ni Mjerumani. Mwaka uliotangulia angelipa dola 50 za viza. Safari hii amelipa 30, na maswali yamepungua kidogo. Kwake mradi umefanikiwa. Wa pili ni Mmalawi, mfanyabiashara wa nguo, aliyezoea kupanda ndege na pasi yake tu, akafika dirishani, akagongewa muhuri na kwenda zake mjini. Wamalawi, Wazambia, Wazimbabwe, Wabotswana na Wanamibia walikuwa hawadaiwi viza Kenya kabla ya hapo. Huyu sasa anadaiwa dola 30 na siku tatu za kusubiri, na anaambiwa kwamba amefutiwa viza, kitu ambacho hakuwahi kudaiwa. Tangazo moja lilimshushia mzigo mtu wa mbali na kumpandishia jirani, na jirani ndiye aliyekuwa ametajwa kwenye ahadi ya Brazzaville.

Benki ya Maendeleo ya Afrika na Kamisheni ya Umoja wa Afrika hutoa ripoti ya kupima jinsi nchi za Afrika zinavyofunguliana milango. Katika ripoti ya 2024 Kenya ilishuka hadi nafasi ya 46. Nchi iliyotangaza kwamba imefungua mlango kwa dunia nzima ilionekana, kwa macho ya bara lake, imeufunga zaidi. Sidhani kwamba aliyeandika hotuba ile alikusudia udanganyifu. Nadhani aliangalia safu ya nchi zilizokuwa zikilipa viza, akaona zinapata nafuu, na hakuna aliyemletea safu ya pili, ile ya nchi zilizokuwa hazilipi kitu. Katika miradi ya serikali zetu kosa hili hujirudia sana. Huduma mpya hupangwa kwa kulinganishwa na huduma mbovu iliyokuwapo, na wale waliokuwa wanaishi vizuri bila huduma hiyo husahaulika mezani.

Chombo chenyewe, yaani idhini ya kielektroniki, kina asili mbili, na hilo linasaidia kueleza kilichotokea. Australia ndiyo iliyokianzisha mwaka 1996, miaka minne kabla ya michezo ya Olimpiki ya Sydney. Australia ilikuwa ikidai viza karibu kwa kila mgeni, kwa hiyo kumruhusu msafiri wa nchi fulani kupata kibali kupitia kwa wakala wa tiketi, bila kubandikiwa kitu kwenye pasi, kulikuwa kulegeza kamba. Marekani ikafuata kwa njia ya kinyume. Wageni wake kutoka Ulaya, Japani na kwingineko walikuwa wakiingia bila viza. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 ikaamua kwamba hata hao wachunguzwe kabla ya kupanda ndege, na kuanzia Januari 2009 idhini yao, iitwayo ESTA, ikawa ya lazima. Huko kulikuwa kukaza kamba. Kenya ilichukua chombo hichohicho ikakitumia kwa wote kwa mpigo mmoja. Kwa Mjerumani ikawa Australia, kwa Mmalawi ikawa Marekani.

Ada nazo zina tabia yake. ESTA ilianza bure. Mwaka 2010 ikawa dola 14, mwaka 2022 ikawa 21, na mwishoni mwa Septemba 2025 ikapanda hadi 40. Uingereza ilianza na pauni 10 na mwezi Aprili 2025 ikafika 16. Umoja wa Ulaya ulipanga euro 7 kwa idhini yake inayoitwa ETIAS, kisha ukaipandisha hadi 20 kabla hata mtu mmoja hajajaza fomu. Anayelipa ada hii hapigi kura katika nchi inayoitoza, hana mbunge wa kumlilia, na kwa safari ya siku nne hawezi kuandamana. Hazina yoyote yenye upungufu itamkumbuka mtu wa namna hiyo.

Lakini haki itendeke: kuna watu ambao fomu hizi zimewaokoa. Uingereza ilipoanza utaratibu wake, iliwaanza Waqatari mwezi Novemba 2023, na Februari 2024 wakafuata raia wa nchi nyingine za Ghuba, Oman ikiwamo. Muscat ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zenye ndugu waliotawanyika kati ya Unguja, Oman na miji ya Uingereza. Kwao safari ya London kabla ya hapo ilihitaji kibali cha mtandaoni kilichogharimu pauni 30, na kibali kile kilikuwa cha safari moja tu. Ukienda harusini mwezi wa tatu, ukaitwa tena mwezi wa sita kumwangalia mjomba aliyelazwa, unalipa upya na kujaza upya. Idhini mpya ilikuja kwa pauni 10, ikatumika miaka miwili kwa safari nyingi. Ukimuuliza mtu wa familia kama hiyo, atakwambia mradi ni mzuri, naye atakuwa anasema kweli kama yule Mmalawi anayelalamika.

Yote haya ni mambo ya sera, na sera husomeka vizuri ikiwa kwenye karatasi. Kinachonishughulisha zaidi ni mahali ambapo fomu inajazwa hasa.

Wanaobuni mifumo hii humfikiria msafiri mmoja. Ana simu nzuri, ana barua pepe anayoifungua kila siku, ana kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni, anaijua tarehe ya safari miezi miwili mapema, ameshalipia hoteli. Mtu huyo yupo, na mara nyingi ni mtalii. Ila safari fupi za kwetu hazifanani na hizo. Mtu anavuka mpaka kwa sababu amepigiwa simu usiku kwamba dada yake amefariki. Anavuka kwa sababu mzigo wake umekwama bandarini. Anavuka kumpeleka mama hospitali, na daktari amesema asikawie. Analala kwa binamu yake, kwa hiyo hana risiti ya hoteli. Tarehe ya kurudi haijui, maana inategemea mgonjwa.

Kwa hiyo fomu inapelekwa steshenari. Kenya wangesema saiba. Ni kale kachumba kenye mashine ya kutolea nakala, kompyuta mbili, madaftari ya wanafunzi, na ukutani kitambaa cheupe cha kupigia picha za pasi. Mijini mwetu hapa ndipo mitandao yote ya serikali inapoishia: matokeo ya mitihani, vyeti vya kuzaliwa, maombi ya mikopo ya elimu ya juu, na sasa viza na idhini za safari.

Katika steshenari moja ya Dar es Salaam nilimkuta mzee aliyeletwa na binti yake kuombewa viza ya matibabu ya kwenda India. India ilianza kutoa vibali vyake kwa njia ya mtandao mwaka 2014, na Watanzania wengi wanaokwenda kutibiwa huko hupita njia hiyo. Dada wa steshenari alikuwa ameigeuza skrini kidogo ili binti aione.

"Shikamoo mzee. Naomba nikuulize, usinielewe vibaya, wameuliza hapa. Una alama yoyote inayoonekana mwilini? Kovu, baka?"

Mzee akavuta mkono wa kanzu, akaonyesha kovu la kuungua. Watu watatu waliokuwa wakisubiri kutoa nakala wakaangalia pembeni kwa heshima. Dada akaandika. Akauliza dini, akauliza kiwango cha elimu, akauliza wazazi walizaliwa wapi.

"Kuna jingine mzee. Baba, mama, babu au bibi yako aliwahi kuwa raia wa Pakistan?"

"Mwanangu, babu yangu alikuwa Mngoni wa Songea."

Akajaza hapana. Kisha ikaja picha: ilitakiwa iwe mraba, na ukubwa wa faili usizidi kiwango fulani. Barua ya hospitali ya India ilikuwa imepigwa picha kwa simu, kivuli cha mkono kikiwa juu yake. Ikabidi iskaniwe upya. Mwisho likaja suala la barua pepe. Mzee hana. Binti anayo lakini nywila ameisahau. Dada akaandika barua pepe yake mwenyewe, kama anavyofanya kwa wateja wengi, kisha akafungua daftari la kurasa za mistari akaandika jina la mzee, namba ya maombi na tarehe. Daftari lile lilikuwa limejaa.

Nililitazama daftari lile kwa muda. Taarifa za pasi, magonjwa na safari za watu wa mtaa mzima zimo ndani yake, na jibu la serikali ya nchi ya mbali linakuja kwenye simu ya binti wa steshenari, ambaye akiugua siku hiyo au bando lake likiisha, mgonjwa hajui kama amekubaliwa. Hakuna sheria inayomtambua, hakuna mafunzo aliyopewa, na hakuna bajeti ya mradi wowote iliyomhesabu. Hata hivyo asingekuwapo, mradi ungefeli mtaani kwetu kuanzia siku ya kwanza. Alitoza ujira wake, wala haukuwa mkubwa, na ninaona aliustahili kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hii.

Kando yake wapo wengine wasiostahili. Ukiandika jina la nchi na neno viza kwenye mtandao, mara nyingi tovuti za kwanza kujitokeza zina bendera ya nchi hiyo, nembo inayofanana na ya serikali, na bei iliyopita ile halali kwa mbali. Nyingine hukujazia fomu kweli na kuchukua faida kubwa. Nyingine huchukua pesa na namba ya kadi yako zikanyamaza. Vishoka waliokuwa wakisimama nje ya ofisi za uhamiaji wamehamia mtandaoni pamoja na huduma yenyewe. Serikali inayoanzisha mradi huu ingepaswa kutumia nguvu nyingi kuitangaza anwani sahihi ya tovuti yake kwa redio na kwa lugha za wasafiri wake kama inavyotangaza kwamba mradi umeanza. Kazi hiyo haigharimu sana, na sioni ikifanywa.

Ukishapata idhini, mpaka unaukuta mapema kuliko zamani. Afisa uhamiaji wa kwanza kukutana naye ni kijana au binti wa shirika la ndege, kwenye kaunta ya mizigo, katika nchi yako mwenyewe. Ana programu inayomweleza kila nchi inadai nini kwa kila pasi. Shirika likimbeba abiria ambaye hatakubaliwa kuingia, litalazimika kumrudisha, na nchi nyingi hutoza faini juu yake. Kwa hiyo mtu wa kaunta akiwa na shaka atasema hapana, na hakuna mahali pa kukata rufaa saa mbili kabla ya ndege kuruka. Yule ofisa wa dirishani Nairobi, mwenye uwezo wa kusikiliza maelezo, kutazama barua ya msiba, kumpigia simu mkubwa wake na kusema "basi pita," hutamfikia. Busara yake ilikuwa sehemu ya mfumo wa zamani, ingawa haikuandikwa popote, na ilipoondolewa hakuna aliyeiweka kwenye hesabu ya hasara. Najua busara ile wakati mwingine ilikuwa na bei ya chini ya meza. Hiyo ni hoja nzuri ya kuuhamishia utaratibu mtandaoni, na naikubali. Lakini rushwa huondolewa kwa kumwekea ofisa kanuni na kumsimamia. Kumwondoa mtu mwenye akili kwenye dharura za watu kunaleta shida nyingine.

Kwenye mipaka ya nchi kavu hakuna kaunta ya ndege, na hapo mambo hugeuka tena. Namanga ni kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018 na Rais Magufuli na Rais Kenyatta. Ukitoka Arusha unapita moja kwa moja hadi jengo la upande wa Kenya, unakuta dirisha la kugongewa kutoka Tanzania na dirisha la kugongewa kuingia Kenya chini ya paa moja. Kwa Mtanzania na Mkenya huu ni mradi uliofika mahali pake: muhuri wa kutoka, hatua chache, muhuri wa kuingia, na safari inaendelea. Wanaokumbuka foleni mbili katika majengo mawili, na ule mwendo wa kati yake ukizungukwa na wabadilisha fedha, wataelewa ninachosema.

Lakini kwenye basi dogo la Arusha kwenda Nairobi huwamo pia wageni wengine: kijana wa kujitolea kutoka Ulaya, mwanafunzi kutoka Afrika Magharibi. Nimewahi kuwa ndani ya basi la namna hiyo wakati abiria mmoja alipogundua dirishani kwamba alitakiwa awe na idhini tangu alikotoka. Alisimama kwenye jua kali akijipiga picha ya uso huku nyuma yake kukiwa na ukuta wa kijani, mfumo ukaikataa kwa sababu ya rangi ya ukuta, akatafuta ukuta mweupe. Dereva alisubiri, akatazama saa, akasubiri tena. Mwishowe alimshushia begi lake, akamwomba radhi, akaondoka na sisi wengine kumi na kitu tuliokuwa na ratiba zetu. Dereva yule hakuwa na kosa. Ofisa wa dirishani, aliyemweleza mgeni kwa upole kwamba hana kitufe cha kumsaidia, hakuwa na kosa.

Tanzania ilichagua njia nyingine, na inafaa isemwe kwa sababu mara nyingi tunaonekana wazito. Viza ya mtandaoni ilianza mwaka 2018, lakini dirisha la kulipia viza uwanjani halikufungwa kwa nchi zisizohitaji uchunguzi wa ziada. Anayetaka kujaza nyumbani anajaza. Aliyesahau anapanga foleni Kilimanjaro au Dar es Salaam na dola zake 50. Foleni hiyo inachosha na mgeni hulalamika, lakini hakuna anayeachwa barabarani. Mtaalamu wa mifumo atakwambia kuendesha njia mbili ni gharama. Ni kweli. Kufunga ile ya zamani nako ni gharama, ila hulipwa na abiria, ndiyo maana haionekani kwenye vitabu.

Tusijisifu kupita kiasi, maana nasi tunarundika. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar hudaiwa bima ya safari ya dola 44 kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, juu ya viza aliyokwisha kuilipia, hata kama ana bima yake kutoka kwao. Wakati wa korona tulikuwa na fomu ya afya ya mtandaoni. Kenya ilikuwa na yake. Kila idara ikipata tovuti huona msafiri ana nafasi ya fomu moja zaidi.

Na kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, inatoa somo lake. Kuanzia tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo moja inatosha kwa maisha yote. Kabla ya hapo ilihesabiwa miaka 10. Muda mrefu baada ya kanuni kubadilika, wasafiri wenye kadi za zamani wameendelea kuambiwa dirishani kwamba kadi zao zimeisha muda, kwa sababu kadi yenyewe imeandikwa tarehe na ofisa anaamini anachokiona. Kanuni ilifika Geneva siku hiyohiyo. Kufika kituo cha mpakani kuna umbali wake.

Kuna hoja kwamba haya yote ni matokeo ya haraka. Kati ya tangazo la Desemba na kuanza kwa utaratibu Kenya zilipita wiki tatu tu, na hapo nakubali haraka ilichangia. Ila tazama Ulaya. Sheria ya ETIAS ilipitishwa mwaka 2018, utekelezaji ukategemewa 2021, kisha ukaahirishwa mara baada ya mara hadi ukapangiwa robo ya mwisho ya 2026. Mfumo ndugu yake, wa kusajili alama za vidole na sura za wageni mpakani, ulianza hatua kwa hatua Oktoba 2025, miaka minane baada ya kupitishwa. Walikuwa na muda, fedha na wataalamu, na bado walikwama kwenye mambo yaleyale: mashine za vituoni, foleni za bandarini, madereva wa malori, mabasi ya wanafunzi. Uingereza iliwadai idhini hata abiria wanaobadilisha ndege tu bila kutoka uwanjani, mpaka Heathrow ilipolalamika kwamba abiria hao wanakimbilia viwanja vingine. Januari 2025 serikali ikawasamehe. Aliyekaa miaka minane na aliyekaa wiki tatu wote walijifunza mambo hayo baada ya kuanza, kutoka kwa watu waliokwama.

Kenya nayo ilijifunza, na ilijifunza upesi kiasi cha kustahili sifa. Mapema 2024 iliwaondolea idhini raia wa nchi kadhaa zilizokuwa na makubaliano nayo ya kufutiana viza, zikiwamo Afrika Kusini, Ethiopia, Msumbiji na Komoro. Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaamua kwamba Waafrika karibu wote waingie bila idhini, na ilipofika Julai mwaka huo uamuzi ukaanza kutekelezwa: raia wa Jumuiya hadi miezi sita, Waafrika wengine hadi miezi miwili. Yule Mmalawi wa nguo amerudi alikokuwa 2023. Ilichukua mwaka mmoja na nusu na dola za watu wengi kumrudisha, lakini amerudi, na ni serikali chache zinazokubali kuirekebisha ahadi yao hadharani ili ifanane na maneno yake.

Bara lenyewe liko nyuma ya Kenya kwa mbali. Ajenda 2063 ya Umoja wa Afrika ilitaka viza kwa Waafrika ziwe zimefutwa ifikapo 2018. Mwaka 2016 pasi ya Afrika ilizinduliwa Kigali, Rais Kagame na Rais Déby wakakabidhiwa za kwanza. Mwaka 2018 ukapitishwa mkataba wa watu kutembea huru, unaohitaji nchi 15 ziuridhie ili uanze kazi. Miaka mingi baadaye zilizoridhia zilikuwa bado nne: Rwanda, Niger, Mali na São Tomé na Príncipe. Mkataba wa bidhaa kutembea huru ulipitishwa mwaka huohuo na ukaanza kazi mwaka uliofuata.

Katika uamuzi wa Kenya wa 2025 nchi mbili za Afrika ziliachwa nje kwa sababu za usalama: Libya na Somalia. Sibezi sababu hizo; Wakenya wamezika watu wengi. Lakini Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024, na maelfu ya familia zina mguu mmoja Eastleigh, jijini Nairobi, na mwingine Mogadishu. Kwao, kama kwa Waislamu wengine, maiti huzikwa mapema, mara nyingi siku hiyohiyo. Mtu anayefiwa na mama yake Nairobi alfajiri, akaambiwa aombe idhini saa 72 kabla, ameshaambiwa kwamba hatamzika. Uchunguzi wa usalama unaweza kufanywa kwa haraka ukiwa na ofisa wa zamu usiku na mchana, namba ya simu inayopokelewa, na ndugu aliyeko Kenya anayeruhusiwa kumdhamini anayekuja kwa kitambulisho chake. Hivi vitu vitatu havihitaji mkataba wa bara wala teknolojia mpya. Vinahitaji mtu mmoja katika chumba cha kupanga miradi aulize swali hili: huyu aliyefiwa leo, atapita wapi?